Mke wa Shitanda Aliyekula Kuku

Kabla Jescah hajaolewa, walikwenda watu kuuliza. Ndivyo ilivyokuwa desturi: huoi msichana, unaoa ukoo. Shangazi wa upande wa mwanamume alijifunga leso, akajifanya anatafuta mbuzi aliyepotea, akawazungukia majirani wa msichana akidadisi hili na lile. Kwao kuna wachawi? Kuna kifafa? Kuna ukoma? Na mwisho kabisa, kwa sauti ya chini: kuna mwenye kichwa kibaya?

Shangazi wa Phineas Shitanda alirudi kwao Lurambi na jibu lililoiva. Mama yake Jescah, marehemu Namalwa, alikufa mwendawazimu. Alijifungua mtoto wa mwisho, mtoto akafa, na tangu hapo mama akawa mtu wa kutembea barabara ya Mayoni akiongea peke yake hadi mauti yalipomkuta. Kwamba mwanamke yule alishinda na maiti ya mtoto mapajani, nyumba ikiwa haina mtu hata wa kumtekea maji, hilo shangazi hakuliuliza. Halikuwamo katika maswali.

Roda, mama yake Phineas, akasema ndoa hakuna. Phineas, karani kijana mwenye baiskeli na suruali iliyopigwa pasi, akasema ndoa ipo, maana msichana alikuwa mzuri na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Ndoa ikafungwa. Roda hakubishana tena, alikaa akangoja. Nami sijui adhabu iliyo kubwa kuliko kuishi na mtu anayekungoja upate wazimu. Jescah akicheka sana, anatazamwa. Akinyamaza, anatazamwa. Akiunguza maharagwe, jambo linaloweza kumpata hata mke wa askofu, Roda humwambia jirani kwa sauti ya kusikika, "Inaanzanga tu hivyo. Hata mama yake ilianza hivyo." Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na katika nyumba ile walikuwapo waliolisukuma lije.

Kwa hiyo mwaka uliofuata Uhuru, Phineas alipopata shamba kule Lugari, Jescah alifurahi kuliko yeye. Wazungu walikuwa wakiondoka na mashamba yao yakikatwa vipande vipande kugawiwa wananchi. Phineas hakutaka kuacha kazi yake ya ofisini mjini Kakamega. Alipanga chumba mtaa wa Amalemba, akampeleka mkewe shambani pamoja na watoto wawili, Bramwel na mdogo wake Risper, na wa tatu akiwa bado tumboni. "Wewe sasa ndiye mkubwa wa huku," akamwambia, wakacheka wote wawili. Jescah alisimama katikati ya lile shamba akavuta pumzi. Hapakuwa na jicho la mtu.

Wala hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Hilo alilijua baadaye.

Phineas alikuwa na ugonjwa wake, ila huo watu huuita maendeleo. Alitaka jina lake lisomwe barazani kuwa mkulima bora. Bwana shamba wa serikali alisema mahindi ya haibridi, naye Phineas akalimisha mahindi ya haibridi mpaka kizingitini. Trekta ilipita juu ya kishamba cha kunde na mrenda ambacho Jescah alikuwa amekipanda nyuma ya jiko. "Mboga tutanunua," Phineas alisema. Soko lilikuwa mbali, na pesa alikuwa nazo yeye Amalemba, kwa hiyo hazikununuliwa. Ng'ombe wawili wa gredi walikamwa asubuhi na jioni, maziwa yote yakaingia kwenye mkebe wa kungoja lori barabarani. Watoto walipata yaliyobaki ndooni. Mama yao alipata chai ya rangi.

Alikuwa na kuku wengi, tena wanono. Lakini kwa kina Shitanda mwanamke hali ingokho, yaani kuku. Humfuga, humnyonyoa, humpika, humtengea mwanamume firigisi, kisha yeye hula obusuma, ugali wa mahindi, kwa chumvi. Mayai ni ya kuanguliwa au ya mgeni. Siku hizo wake wa walimu wa misheni walikuwa wamekwisha kuanza kumla kuku, na wazee waliwasema wakachoka. Ila nyumbani kwa Roda anayekula kuku bado alihesabiwa kuwa mlafi asiyefunzwa na mamaye. Jescah, ambaye mama yake ndiye hasa aliyekuwa akitafutiwa kosa, asingethubutu hata kulamba kidole.

Kwa hiyo alikula mahindi. Asubuhi uji, mchana obusuma, jioni obusuma. Maharagwe yalipokuwapo aliwapakulia watoto. Tumbo lilijaa, na mtu aliyejaza tumbo nani atasema ana njaa?

Ng'ambo ya kijito aliishi mwanamke wa Kinandi, Cherotich, ambaye alimletea maziwa lala mara moja moja. Walielewana kwa Kiswahili cha kuokoteza, wakacheka sana. Phineas aliposikia alikasirika. "Mimi niko na ng'ombe za gredi, halafu bibi yangu anaombanga maziwa kwa watu? Unataka waseme nini?" Cherotich hakuja tena. Haikuwapo sauti ya mtu mzima shambani mle tangu Jumatatu hadi Phineas aje, na Phineas hakuja kila juma.

Mtoto wa tatu alizaliwa msichana. Kwa desturi hiyohiyo iliyojua kuuliza maswali, jina la nyanya aliyekufa hupewa mtoto, na Jescah akamwita Namalwa. Roda alisafiri kutoka Lurambi kuja kusema kwamba jina la kichaa haliingii nyumbani kwake. Lakini mtoto alikwisha kuliitikia kwa macho, na Jescah kwa mara ya kwanza maishani alikataa.

Surua iliingia Lugari wakati wa mvua za masika. Bramwel aliugua akapona, Risper aliugua akapona. Namalwa alikufa akiwa bado hajasimama. Phineas alikuja, akazika, akakaa mpaka ruhusa yake ikaisha, akarudi kazini. Roda alimshika mkaza mwanawe mkono akamwambia maneno ambayo hata leo nikiyafikiri hunikera: "Mwenye jina alikuja kuchukua jina yake. Na usilie sana, mama Bramwel. Ukilia sana utafungulia hiyo kitu mlango."

Jescah akaogopa kulia. Aliyabana machozi kama mtu anayebana choo barabarani, na usingizi ukakatika. Alikaa macho akisikiliza mahindi. Mahali palipolimwa mahindi hadi mlangoni hapakosi kitu cha kulia: upepo, panya, majani makavu yanayosuguana. Akaanza kumsikia Namalwa humo. Alipata kuingia katikati ya mistari akimtafuta, Bramwel naye akimfuata nyuma akiita, "Mama, rudi." Alikamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa. Alitia chumvi kwenye uji mara mbili, mara ya tatu akauliza kama ameitia. Tumbo lilimwendesha. Ulimi ukawa mwekundu, unachoma hata kwa maji. Na shingoni, pale nguo inapoishia na jua linapoanza, ngozi ikawa nyeusi, ikapasuka na kubambuka, na mikononi vivyo hivyo, mpaka kwenye kikomo cha mikono ya gauni.

Roda aliitwa. Sitasema alifurahi. Nitasema tu kwamba alifika na nguo za kukaa mwezi mzima, akawachukua watoto walale naye, akawatangazia majirani, "Si niliwaambia?" Ile ngozi aliiona. Alisema ni uchafu, vichaa hawaogi.

Phineas alimpeleka mkewe hospitali mjini kwa sababu watu walitarajia ampeleke. Daktari alikuwa Mhindi mzee mwenye miwani, aliyezoea Kiswahili cha sokoni. Alimwambia Jescah anyooshe mikono, akatazama shingo, akatazama ulimi, akavuta kiti.

"Nyumbani nakula nini?"

"Tunakula vizuri sana, Daktari," Phineas akadakia. "Mimi ni mkulima. Niko na ng'ombe za gredi."

"Wewe sikuuliza. Mama, nakula nini?"

"Obusuma," Jescah akasema.

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Na jana yake?"

"Obusuma."

Daktari akavua miwani. Alimwambia Phineas taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia, kwamba huu haukuwa wazimu wa ukoo. Mtu akila mahindi matupu muda mrefu mwili hukosa kitu, ngozi huharibika, tumbo huharibika, na kichwa nacho huharibika. Ameona wengi. "Na mtoto mekufa. Na iko peke yake. Na hapana lala. Hata kichwa yako wewe, bwana, taharibika." Dawa ilikuwapo, akasema, na dawa kubwa ni chakula: mayai, maziwa, nyama, kuku, njugu. Na asiachwe peke yake. Na aachwe alie.

Msaidizi aliyekuwa akipanga chupa pale mezani aligeuka kumtazama huyo mkulima mwenye ng'ombe wa gredi. Phineas aliliona lile jicho, na nadhani ndilo lililoamua mambo yote.

Jescah alilazwa. Alipewa vidonge, akapewa mayai na maziwa, na wanawake wa kitanda cha jirani wakamgawia nyama walizoletewa na jamaa zao. Hakuna aliyemkodolea macho. Siku moja akaanza kulia, akamlilia Namalwa mpaka shuka likalowa. Mgonjwa mwenzake alimwacha tu alie, kisha akampa kitambaa cha kupangusia pua. Usiku huo alilala. Ngozi ikaanza kurudi, sauti za mahindi zikaondoka, na alipojaribu kukumbuka kama amekula alikumbuka.

Walipokuwa wanarudi Phineas alimwambia, akitazama nje, "Hiyo maneno ya daktari, tuiachie hapo hospitali."

Jescah alidhani ana maana kwamba watayafanya kimya kimya. Alikuwa bado anampenda, na mwenye kupenda hujaza mwenyewe pale mwenzake alipoacha wazi.

Nyumbani Roda hakuwa ameondoka. Funguo za ghala zilikuwa kiunoni mwake. Jescah alipoomba yai aliambiwa mayai yameatamiwa. Alipoomba maziwa aliambiwa lori limepita. Alingoja Phineas aseme. Phineas akala kuku wake, akakausha mikono, akarudi Amalemba. Vidonge vikaisha. Kisha asubuhi moja akinywa uji aliuhisi ulimi umeanza kuwasha pembeni.

Hofu iliyomshika hapo si ya mwendawazimu. Mwendawazimu hajui kinachokuja. Yeye alikijua na alijua kinakuja kwa njia ipi.

Akamkamata jogoo. Hakungoja giza, wala hakujificha, kwa sababu hakuwa mwizi: kuku wale aliwalea yeye. Alimchinja mchana kweupe, akampika, akaketi kigodani mlangoni akala. Risper alipokuja kusimama mbele yake akitazama, alimpa paja. Mtoto alilishika kwa mikono miwili, haamini.

Roda alikuwa akirudi kutoka kanisani. Yowe alilopiga lilivuka kijito. Watu wakaja mbio wakidhani kuna moto, wakaukuta mdomo wa Jescah una mafuta. "Muone! Anakula ingokho! Sasa mnataka nini ingine? Na anapatia mpaka msichana!" Na wale watu, ambao kesi ya shingo iliyobambuka haikuwatosha, wala kesi ya mwanamke anayemwita maiti kati ya mahindi, kesi ya kuku iliwatosha. Walitikisa vichwa. Mwanamke mwenye akili zake hawezi.

Wazee wa ukoo walikaa Lurambi siku ambayo Phineas hakuwa kazini. Jescah aliongea kwa utulivu, akapanga maneno yake vizuri, na utulivu huo nao ulimharibia, maana mtu mwenye akili zake angelia. Akasema alichoambiwa na daktari. Mzee mmoja akauliza, "Daktari ataambiaje mwanamke akule kuku?"

"Muulize baba Bramwel," Jescah akasema. "Alikuwa hapo. Alisikia yote."

Wote wakamgeukia Phineas. Alikuwa akitazama viatu vyake, vyeusi, vilivyong'arishwa. Akisema ndiyo, yeye ni mkulima bora aliyemshindisha mkewe na chumvi huku maziwa yanapanda lori. Akisema hapana, yeye ni mwanamume mwenye bahati mbaya aliyeoa ukoo mbaya, na watu watampa pole.

"Daktari alisema ako na ugonjwa ya kichwa," akasema. "Akapatia yeye dawa. Hiyo ingine mimi sikusikia."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, husema wahenga. Uongo. Phineas alimjua vizuri.

Jescah alirudishwa Mayoni kwa kaka yake, Cornelius. Watoto walibaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo. Cornelius hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkewe alimpa Jescah kipande cha kulima njugu, na kwake wanawake walikula walichokipika. Mwili ukarudi, akili ikakaa sawa. Lakini mtu akishaitwa kichaa, uzima wake huitwa kupoa. "Siku hizi amepoa," walisema sokoni, na akina mama wakawavuta watoto wao upande wa pili.

Huko sokoni Kakamega, alikokuwa akipeleka njugu zake, ndiko Cherotich alikomkuta. Wanawake wale walishikana mikono muda mrefu. Kisha Cherotich akasema alichokuja nacho. Risper hachezi tena. Hukaa kando ya ua, ukimwita hageuki. Bramwel hula na baba na wageni, mtoto wa kike hula na nyanya yake, na nyanya meno yamekwisha, ni uji tu. "Na hapa," Cherotich akasema, akajipitisha kidole shingoni kutoka upande hadi upande, "iko nyeusi. Mama mzee anasema ni damu yako inatoka."

Jescah aliziacha njugu pale chini, hakumwomba mtu amwangalizie. Alikwenda Amalemba akakaa mlangoni pa Phineas mpaka alipotoka kazini. Phineas alimwona, akatazama kushoto na kulia.

"Usipige kelele," akasema.

"Sijapiga. Baba Bramwel, umeona shingo ya Risper?"

Phineas alikuwa ameiona.

"Unajua ni nini. Uliambiwa."

"Nitasemaje sasa?" Phineas akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Nikisema leo, wataniuliza kwa nini sikusema siku ile mbele ya wazee. Mama ataniuliza."

Jescah alimtazama, na katika kumtazama akaona kitu ambacho hata siku ya wazee hakukiona. Mtu huyu alimpenda mwanawe, na angemwacha aharibike mbele ya macho yake kuliko kuaibika. Angelia kaburini pa mtoto kweli kweli. Jescah alikuwa amekuja na maneno mengi. Alikuwa amekuja pia, tusidanganyane, na tumaini kwamba siku hiyo jina lake litasafishwa, kwamba atarudishiwa watoto na kuketi tena kati ya watu bila kutazamwa. Akaviweka vyote chini.

"Basi usiseme," akasema. "Mimi ni kichaa. Waambie hivyo. Waambie umeenda kwa daktari, na daktari amesema mtoto wa kichaa lazima akule mayai kila siku, na maziwa, na kuku, ndiyo wazimu ya mama yake isimshike. Mama atakubali hiyo. Hiyo atapika mwenyewe."

Uso wa Phineas ukalegea kwa nafuu, na hiyo nafuu ndiyo Jescah hakuweza kumsamehe hata baadaye, alipokwisha kumsamehe mengine.

"Ni maneno mazuri," Phineas akasema. "Asante, mama Bramwel."

Roda alikubali siku ileile Phineas alipomwambia. Alizifungua funguo kiunoni, akatenga kuku na ng'ombe wa Risper peke yake, akampikia kwa mkono wake. Mtoto akapona, shingo ikawa laini, akarudi kucheza. Akakua msichana mrefu, mwenye akili, na Lugari nzima ikamsifu nyanya kwa kumwokoa. Na kila asubuhi alipomwekea yai mbele, Roda alimwambia, "Kula, mwanangu, kula yote, usikuje kuwa kama mama yako."